Akiba Iliyooza

Akiba haiozi, husema watu.
Mimi nililinda geti la ujenzi wa hospitali kule Oulu,
nikaiona ikioza.

Madirisha mia moja na arobaini
yalifika wiki sita kabla ya kuta.
Nilitia saini, hata nikashukuru:
heri mzigo ulale kwangu kuliko mafundi walale.
Theluji ikashuka usiku kucha, ikashuka tena,
turubai likapasuka upande wa kaskazini,
na kila Jumatatu msimamizi alitaka nafasi ya kitu kingine,
basi tukayahamisha. Mara tatu tuliyahamisha.
Kioo hakipigi kelele kikiumia pembeni;
ufa unauona siku ya kukipachika.

Sufu ya kuhami baridi ilinyonya maji,
ikawa nzito kama kondoo aliyezama.
Na ghorofani, Jumatatu hiyohiyo,
mafundi kumi na wawili walikalia ndoo
wakisubiri skrubu.

Tulikuwa na kila kitu ila kilichohitajika.

Februari, Irmeli Kaukoranta akatuita ndani ya kontena,
hata sisi wa getini, hata wenye malori.
Alibandika karatasi ukuta mzima, akaanzia mwisho:
mgonjwa wa kwanza amelazwa, chumba 314, taa inawaka.
"Sasa turudi kinyumenyume," akasema.
"Nani wa mwisho kutoka humo?
Alipoingia, alikuta nini tayari?"
Kila mtu vijikaratasi vya rangi yake, na kalamu.
Marufuku kumwandikia mwenzio.
Ahadi ni deni; pale tuliyaona madeni yetu yote
yakining'inia kwa gundi.

Urmas, wa kiwanda cha madirisha kule Pärnu,
alikunja kofia, akaikunjua.
Kisha, kwa Kifini cha kuvunjikavunjika:
"Nilijua kuta hazijasimama.
Lakini mkataba wenu hulipa kioo kikivuka geti,
si kikiingia ukutani.
Nina mishahara ya watu ishirini na sita.
Niliwaletea mapema kwa ajili ya ankara."

Mashine ya kahawa ilinguruma peke yake.
Nilitazama sahihi yangu kwenye stakabadhi zake.

Irmeli hakumkaripia. Alimpigia simu mtu wa mikataba.
Ilichukua majuma matatu na hasira nyingi
kubadili kifungu kimoja:
theluthi hulipwa kioo kinapokatwa,
kilichobaki kikishapachikwa.

Yaliyofuata hayakuwa muujiza.
Lakini Jumatano moja Bogumił wa mabomba
alisimama mbele ya ukuta ule
akabandua kijikaratasi chake cha buluu.
"Ghorofa ya tatu, Alhamisi: sitamaliza. Jumatatu."
Zamani angesema "bado kidogo tu",
na Maarit angekuja na watu wanane
kuziba ukuta usio na bomba.
Maarit akabandua chake, akakisogeza mbele,
akatukana taratibu, akaenda kuvuta sigara.

Aprili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi,
lori la Urmas likaingia na madirisha tisa,
chumba 301 hadi 309, yamepangwa kwa zamu ya kupachikwa.
Kreni ikayapokea. Hayakugusa ardhi.
Saa nne yalikuwa ukutani, yanautazama mto.
Nami, mlinzi wa ghala, nilisimama
katikati ya uwanja mtupu,
na mfukoni funguo zisizofungua kitu.

Hospitali ikaisha. Irmeli akapelekwa Vaasa,
Bogumił akarudi Szczecin, Maarit sijui.
Ukuta wetu wa karatasi ukakunjwa, ukatiwa pipani;
kontena lilikuwa la kukodi.
Mimi nikahamishiwa shule mpya ya Kemi:
watu wapya, mkataba ule wa zamani.

Novemba, siku ya kwanza getini,
lori limeleta milango sitini.
Kuta bado ni vigingi na kamba.
Dereva ananinyooshea stakabadhi. Theluji inaanza.

Nimeshika kalamu. Sijatia saini.